Mlinda Goli Hufundishwa

Katika shule nyingi za msingi, msichana mrefu kuliko wenzake hupangwa kulinda goli katika mpira wa pete, akaambiwa ainue mikono, basi. Wapinzani wakifunga, lawama humwangukia yeye. Sisi twaona kwamba huko si kufundisha.

Urefu una faida yake, maana pete huwa mita 3.05 kutoka ardhini. Lakini sheria humtaka mlinzi asimame mita 0.9 kutoka mguu wa mfungaji mwenye mpira. Kwa hiyo kazi yake kubwa huanza kabla mpira haujamfikia mfungaji: auwahi na kuunasa njiani. Kazi hiyo ni ya miguu na macho.

Yafaa basi mwalimu afuate hatua. Kwanza, wanafunzi wajizoeze kwenda kando kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Pili, wajifunze kusimama mahali wanapomwona mfungaji na mpira kwa pamoja. Tatu, wacheze watatu watatu: mmoja arushe, mmoja apokee, mmoja anase, kisha wabadilishane. Mwisho ndipo wafundishwe kuruka bila kumgusa mfungaji, na kuudaka mpira uliogonga pete.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, mashindano yamekaribia. Twajibu kwamba dakika 10 za kila kipindi zatosha, na mpira mmoja watosha kwa kila kikundi.

Twawasihi walimu wanafunzi wampe kila msichana zamu yake golini. Mwalimu amekabidhiwa darasa zima, si wachezaji saba tu.