Mboga za Loitokitok zisiishie Nairobi

Anayesafiri jioni kutoka Loitokitok kwenda Emali hufuatana na malori yaliyosheheni nyanya na vitunguu vya Kimana, Namelok na Rombo. Mashamba hayo hunyweshwa na chemchemi zitokazo Mlima Kilimanjaro. La kushangaza ni kwamba katika nyumba nyingi zilizo kando yake, chakula cha mtoto cha jioni ni ugali na chai ya rangi.

Zamani hapakuwa na neno, kwani maziwa yalikuwapo. Lakini ukame wa 2009, kisha ule ulioanza 2020, uliua ng'ombe wengi wa Kajiado. Nayo chai, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Hiyo ni hatari kwa mama mjamzito, ambaye damu yake tayari inafanya kazi ya watu wawili.

Kwa hiyo sikubaliani na wazee wanaosema mboga ni chakula cha mbuzi. Managu, kunde na mchicha huupa mwili chuma na vitamini A, mradi zikaangwe kwa mafuta kidogo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku.

Nitaulizwa: maji yatoke wapi, na mama anayafuata mbali kwa punda na mitungi? Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi alime ekari. Ajaze gunia udongo na samadi, katikati apange kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yapenye, kisha atoboe ubavuni na kupanda miche. Maji yaliyooshea mboga hayamwagwi tena uani. Hata mpangaji wa Kitengela anayenunua maji kwa mtungi analiweza gunia moja mlangoni. Samadi imejaa bomani, nasi tunaipakia kwenye malori ikarutubishe mashamba ya wengine! Mbuzi watazuiwa kwa miiba.

Lawama yangu kubwa ni kwa wenye mifereji. Kila shamba la nyanya litenge tuta moja la managu, mbali na dawa za wadudu, liwe la mama wa nyumba. Anayemwagilia ekari tatu za nyanya za kuuza asituambie kwamba maji ya tuta hilo yamemshinda.