MAJINA YA MITAA YETU SI YA KUCHEKWA

Ndugu msomaji, hivi umewahi kujiuliza kwa nini mtaa wenu unaitwa hivyo unavyoitwa? Wengi wetu hatujali. Makanga akitaja jina la steji tunashuka, basi. Mimi ni mkaaji wa Bofu, huku Likoni, na hapa shuleni jina hilo limekuwa mchezo. Mmoja husema eti latokana na "bovu", mwingine husema "kibofu", na darasa zima huangua kicheko. Mimi naona utani huo unaficha jambo: majina tunayatamka kila siku, lakini asili yake hatuitafuti.

Majina ya Pwani yana sababu. Likoni limetokana na liko, yaani mahali vyombo vinapofikia pwani, na ndipo feri imekuwa ikivusha watu tangu 1937. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu, ndiyo maana meli kubwa huingia hadi bandarini. Dongo Kundu ni penye udongo mwekundu. Hebu litazame hilo neno "kundu": si ndiyo "-ekundu" yetu ya leo? Kumbe hata sarufi ya zamani imehifadhiwa steji ya matatu!

Lakini anayebahatisha kwa kusikiliza sauti ya neno tu atapotea. Chukua Kengeleni, kule Kisauni. Mgeni atadhani palikuwa na kengele ya shule. La hasha! Ni kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS miaka ya 1870. Na Kariakoo ya Dar es Salaam je? Usipoambiwa, utajuaje kuwa ni "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, jina lililopindwa na ndimi zetu? Wapagazi hao walikufa kwa maelfu na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Jina la mtaa ndilo kaburi lao.

Kwetu nako kuna Ras Bofu. Rasi ni ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini. Hapo ndipo lilipofikia daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni, na Kenya nzima ikalisikia jina letu redioni. Basi anayetaka kujua asili ya Bofu asianze na utani. Aanze ufukweni kwa wavuvi, kisha aende kwa wazee wa Kidigo, kwani Likoni ni nchi ya Wadigo tangu zamani, na si kila jina limo katika kamusi ya Kiswahili sanifu.

Kwa nini nahimiza? Kwa sababu wakati hautungoji. Mwaka 2016 maelfu ya wakazi wa Likoni waliokuwa wakiitwa maskwota walipewa hati za ardhi. Ni heri kubwa. Lakini hati huandikwa nambari ya ploti. Haisemi palisimama mbuyu gani wala kisima kilikuwa cha nani. Nyumba mpya nazo zapewa majina ya ng'ambo, na vijana twaelekezana kwa majina ya maduka. Mzee akifariki, anazikwa na majina yake.

Najua wapo watakaosema, "Majina hayaleti mkate, bwana, soma hesabati!" Sawa, hesabati tusome. Lakini twakariri kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na mtaa tunaolala hatujui ulipewa jina na nani. Hiyo si elimu kamili. Mwacha mila ni mtumwa.

Kwa hivyo naleta pendekezo kwa chama chetu. Likizo ya Agosti, kila mwanachama awaendee wazee wawili wa mtaani kwao, kwa adabu, aulize majina matano tu: ya kisima, mti, njia, ufuko na mtaa wenyewe. Aandike kama alivyosimuliwa, hata kama wazee hao watapingana. Tukirudi shuleni tuyakusanye katika daftari moja likae maktaba. Walimu wetu watatusaidia kuyapanga. Shime, wanachama!