UCHAMBUZI: Gharama ya Kukausha Mahindi Huanza Kupungua Kabla ya Mashine Kuwashwa

Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilinunua mashine 100 za kuhamishika za kukaushia nafaka ili kuwakinga wakulima dhidi ya hasara baada ya mavuno. Kupatikana kwa mashine ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, ambayo humgusa mkulima mfukoni, ni kiasi cha mafuta kinachotumika kukausha kila gunia.

Kiwango cha juu cha unyevu kinachoruhusiwa kwa mahindi sokoni Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Ili tani moja yenye unyevu wa asilimia 25 ifikie kiwango hicho, ni sharti zitolewe takriban kilo 133 za maji. Mahindi yakiletwa na unyevu wa asilimia 18, maji ya kutolewa ni kilo 52 tu. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto la takriban megajuli 2.5, ilhali lita moja ya dizeli hutoa megajuli 36 hivi. Hivyo, hata katika mashine isiyopoteza joto lolote, tani ya kwanza ingetumia zaidi ya lita 9, na ya pili chini ya lita 4. Mashine halisi hutumia zaidi ya hapo.

Jua, basi, ndilo nishati ya bei nafuu kuliko zote. Mkulima anayeanika mahindi juu ya turubai kabla ya kuyapeleka kituoni hupunguza sehemu kubwa ya gharama. Hata hivyo, mvua ikiendelea kunyesha asisubiri, kwani unyevu hukuza kuvu wanaozalisha sumukuvu. Mwaka 2004, mkasa wa sumukuvu mashariki mwa Kenya uliathiri watu 317, na 125 kati yao walifariki.

Waendeshaji mashine nao wana wajibu. Nafaka ipepetwe kwanza, kwa sababu makapi huzuia hewa ya moto kupita. Nyufa zinazovujisha joto zizibwe. Unyevu upimwe mara kwa mara ili mashine izimwe kwa wakati: tani ile ya asilimia 25 ikikaushwa hadi asilimia 11, mkulima hupoteza kilo 24 za uzito wa kuuza, juu ya mafuta yaliyoteketea bure.

Linabaki suala la ada. Ada moja kwa kila gunia ni rahisi kusimamia, lakini humfanya aliyeanika mahindi yake amlipie aliyeyaleta mabichi. Ada inayofuata unyevu humtuza mwenye bidii, mradi kipimo kiaminike. Vyama vya ushirika vinavyosimamia mashine hizi vina nafasi ya kulijadili jambo hilo na wanachama wao kabla ya msimu wa mavuno.

Kwa sasa, mkulima anashauriwa kuomba aonyeshwe kipimo cha unyevu wa mahindi yake kabla ya kukaushwa na baada ya kukaushwa.