Haanguki kwa Sababu Haamki

Wiki ya tatu ya jaribio letu, idadi ya wazee walioanguka usiku ilifika sifuri. Profesa wangu alifurahi. Mimi nilifurahi kumzidi, maana shahada yangu ya uzamili inalitegemea jedwali lile.

Kifaa chenyewe ni mkeka wenye vihisi, unaotandikwa sakafuni kando ya kitanda. Mzee akiukanyaga, simu ya muuguzi inalia. Tuliujaribu katika makao ya wazee hapa Ujerumani, ambako zamu ya usiku ina watu wachache mno.

Nikamuuliza bibi mmoja mkeka unamsaidiaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jela inamfaa vipi.

"Nikitia mguu chini tu wanakuja mbio kunirudisha kitandani. Basi siku hizi siamki."

Alikuwa na desturi ya kukaa dirishani alfajiri, akingoja tramu ya kwanza ipite. Sasa haanguki kwa sababu haamki, na dodoso langu halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Sheria ya nchi hii inataka kibali cha jaji kabla ya kumfunga mzee mkanda kitandani mara kwa mara bila ridhaa yake. Mkeka wetu haukupita kwa jaji yeyote. Mwanawe alitia saini fomu, ingawa bibi ana akili zake timamu, na fomu iliuita mkeka "msaidizi". Mkanda ungemfanya nini zaidi?

Wenzangu wanasema natia chumvi: nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawatembei tena kama zamani. Kweli, na sitaki mikeka itupwe. Simu ileile ingeweza kumwita muuguzi aje amshike bibi mkono hadi dirishani. Lakini hilo linahitaji wauguzi zaidi, na sisi tuliomba fedha za mradi kwa kuahidi kuwapunguzia kazi waliopo.

Wala sijivunii kwetu Tanga. Huko nimeona bibi akifungiwa mlango kwa nje, na hakuna aliyewaza habari za jaji.

Ninachodai ni kwamba mzee aulizwe mwenyewe, na mara alizoamka zihesabiwe pamoja na mara alizoanguka. Nimeongeza safu hiyo kwenye jedwali. Profesa ameandika pembeni niiondoe, eti itawachanganya wafadhili. Sijaiondoa. Nawasilisha Jumatatu.