Tunamshangilia Bannion, Lakini Barua Tunayo Sisi

Mwaka jana nilikuwa fildi Handeni, nafundisha Uraia kidato cha pili. Nilipanga chumba Chanika kwa mama mmoja anayeuza maandazi. Jioni umeme ukiwepo tulikuwa tunakaa sebuleni kwake, yeye, mimi na mwenzangu wa Historia, tunatazama filamu kwenye kompyuta yangu. Siku moja zikatuishia za Kikorea, tukafungua moja ya zamani niliyopewa kwenye flashi na rafiki yangu wa Korogwe: The Big Heat, ya 1953, iliyoongozwa na Fritz Lang. Nyeusi na nyeupe, wazungu wamevaa kofia ndani ya nyumba. Nilijua baada ya dakika kumi tutakuwa tumelala. Hatukulala. Dakika 90 zikaisha, na unga wa maandazi ya kesho yake ulichelewa kukandwa.

Kwa ambao hamjaiona, kisa ni hiki. Askari wa kitengo cha kumbukumbu, Tom Duncan, anajipiga risasi nyumbani kwake. Ameacha barua inayoeleza jinsi jambazi mkubwa wa mji, Mike Lagana, alivyowaweka mfukoni wakubwa wa polisi. Mkewe, Bertha, ndiye anayeiona kwanza. Hapigi hata ukunga. Anaificha barua, anampigia simu Lagana, biashara inaanza. Mpelelezi Dave Bannion, anayechezwa na Glenn Ford, anauliza maswali ambayo mabosi wake hawataki yaulizwe. Bomu alilotegewa yeye kwenye gari linamuua mke wake. Anaachana na beji, anaendelea na kazi peke yake.

Nimejiuliza sana kwa nini filamu ya kabla hata ya Uhuru wetu ilimkosesha usingizi mama wa Handeni asiyejua Kiingereza, ambaye mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Nadhani sababu ni kwamba haimzungumzii askari mmoja mbaya. Filamu nyingi za polisi zinafanya hivyo: yuko mmoja ameoza, anakamatwa, tunaenda kulala. Humu kila mtu ameshikana na mwenzake. Nyumba ya Lagana inalindwa na askari wanaolipwa kwa kodi za wananchi, huku ndani kuna sherehe ya binti yake. Vince Stone, mpambe wa Lagana, anammwagia usoni mpenzi wake Debby kahawa inayochemka, na Kamishna wa polisi yumo humo humo ndani, anacheza karata. Sisi huku tunaita "chai". Kule ilikuwa kahawa, na ilimuunguza mtu.

Halafu angalia nani analipa. Lucy, msichana wa baa aliyethubutu kusema kwamba kifo cha Duncan kina walakini, anauawa. Mke wa Bannion anauawa. Debby anaunguzwa na mwishoni anapigwa risasi. Shujaa wetu anabaki hai, anarudi kwenye meza yake ofisini. Kiukweli hilo linauma, na ni kweli ya maisha: rushwa ya wakubwa inalipwa na watu ambao hata hawakuwa mezani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike makala hii. Filamu ilipofika kwa Bertha, mimi na mwenzangu tukawa tunamlaani. Mama mwenye nyumba akasema taratibu, "Wanangu, mnamlaumu bure. Mume kafa, mshahara umekatika. Mlitaka ale hiyo barua?" Tukacheka. Lakini lile neno lilinikaa, kwa sababu ya jambo ambalo mwenzangu hakulijua.

Wiki mbili kabla nilikuwa natoka Korogwe narudi Handeni. Nilipanda Noah pale Manundu, nikakaa mbele dirishani. Gari ya watu saba, tulikuwa kumi na mmoja, wengine nyuma kabisa na mizigo. Njiani tukasimamishwa. Dereva akatoa leseni, akakunja noti ndani yake, akanipa: "Ticha, nisaidie kumpa afande hapo." Nikampa. Leseni ikarudi nyepesi. Haikuchukua hata nusu dakika, tukaondoka, na mimi nikawahi kipindi cha Jumatatu. Mada ya Jumatatu hiyo, jamani, ilikuwa rushwa.

Nikaandika ubaoni kwamba kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Nikaomba mifano. Mikono ikanyooka mingi: hospitali, ajira, ardhi. Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mmoja ambaye siku ya safari alikuwa amebanwa na ndoo za mizigo nyuma yangu kwenye Noah. Yeye hakunyoosha mkono. Alikuwa anaangalia dawati lake.

Ndiyo maana nasema sisi tunamshangilia Bannion wakati barua ziko mifukoni mwetu. Kila aliyekuwa kwenye ile gari alijua. Wote kumi na mmoja tulikuwa akina Bertha, kila mmoja na bei yake. Ya kwangu ilikuwa kuwahi kazini.

Kuna mahali filamu inatudanganya, nalo ni lazima tuliseme. Mwishoni Bertha anakufa, barua inatoka hadharani, Lagana na Kamishna wanaanguka. Karatasi moja imemaliza kazi. Sisi karatasi tunazo. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilieleza wazi kwamba wapo wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi, na wapo wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu, na polisi ikatajwa. Ripoti ilisomwa, na njia bado ina noti. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja mwaka 2016, miaka kumi baadaye. Haki ilitembea, ila haikutembea kwa mwendo wa dakika 90.

Mwenzangu wa Historia anasema filamu kama hizi zinafundisha watu kuwachukia polisi. Sikubaliani naye. Bannion naye ni polisi, na hasira yake inatokana na kuipenda kazi yake. Wengi wetu humu chuoni tuna kaka au shangazi amevaa hizo sare. Anayeona aibu kwa niaba yao hawachukii.

Wiki ya mwisho ya fildi niliwaambia wanafunzi wangu habari ya Noah. Nikasema mkono uliopitisha ile noti ulikuwa wangu. Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Yule kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, ulitakiwa ufanye nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ningeweza kumrudishia dereva leseni yake ampe mwenyewe. Akasema, "Angempa tu." Kweli, angempa. Lakini nisingempa mimi, na wewe usingeniona. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na mpaka leo sijapata kubwa kuliko hilo. Siku hizi gari ikijaa nashuka nasubiri nyingine. Nimeshachelewa mara kadhaa, na mara moja nililala Korogwe.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: Ijumaa moja tu, ukumbini, badala ya mpira, tuonyeshwe The Big Heat, halafu taa ziwashwe tujadili. Tusijadili Bannion, maana huyo kila mtu anamtaka. Tumjadili Bertha. Sisi wa Elimu karibuni tutapewa madarasa na mishahara midogo, na kila darasa lina kijana wa nyuma anayeangalia dawati.