Nyumbani na Kazini: Injini Ijulikane Kabla ya Kipimo

Mashua ya injini huko Rusizi ni mali ya jamaa nzima. Huvusha abiria na mizigo kati ya bara na kisiwa cha Nkombo, na mapato yake hulipa ada za shule na chakula cha nyumbani. Kwa hiyo injini izimikapo katikati ya Ziwa Kivu, hofu huwa mbili: hofu ya upepo juu ya maji yenye kina kirefu, na hofu ya gharama inayongoja ufukoni. Askari mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake katika mashua huweza kushawishika upesi na mchuuzi wa kipimo kinachosifiwa kutaja kila ugonjwa wa injini.

Yafaa kwanza kujua kazi ya kipimo hicho. Injini nyingi za kisasa zina kompyuta ndogo inayopokea habari za joto, hewa na mwendo. Ikipata habari isiyo ya kawaida, huhifadhi alama ya hitilafu. Kipimo huunganishwa kwa waya na kuisoma alama hiyo. Basi injini isiyo na kompyuta haina la kusomwa. Injini nyingi za zamani zenye kabureta, zinazowashwa kwa kamba na kuchanganyiwa oili katika petroli, ni za namna hiyo. Mwenye injini kama hiyo hufaidika zaidi na mita ya umeme, ufunguo wa plagi na geji ya kupimia mgandamizo wa silinda. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hapana budi fundi aitwe.

Kosa la pili ni kununua kipimo cha gari. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yalilazimishwa kutumia plagi ya namna moja, na desturi hiyo ikaenea kwingine. Injini za kupachikwa nyuma ya mashua hazikufuata njia hiyo. Yamaha ina waya na programu yake, Suzuki yake, na Mercury yake. Kwa sababu hiyo mnunuzi huandika aina na namba zilizomo katika kibao cha injini, kisha humtaka muuzaji akiunganishe kipimo na injini ile ile mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Kadhalika huuliza kama programu hulipiwa kila mwaka, na kama fundi wake aijua lugha ya kipimo hicho.

Jambo la tatu ni la Kivu yenyewe. Ziwa hilo liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini nzima kabisa yaweza basi kwenda kivivu, na kipimo kisionyeshe hitilafu yoyote. Dawa yake ni propela inayofaa, na kwa injini ya kabureta, kurekebisha kiasi cha petroli. Plagi nyeusi na moshi mwingi ni dalili za petroli iliyozidi hewa.

Hata alama ikionekana, si hukumu. Alama ya joto kali yaweza kutokana na waya uliolegea, au plastiki iliyoziba tundu la maji ya kupoza injini. Fundi mwangalifu huiandika alama kwanza, hukagua waya na maji, ndipo huifuta na kujaribu tena.

Mwenye mashua moja aghalabu hana haja ya kutumia akiba ya nyumbani kwa kifaa hicho. Wenye injini za aina moja wakishirikiana, kipimo kimoja huwatosha wote. Fedha inayobaki ikanunue kwanza majaketi ya kujiokolea na makasia ya akiba, kwani askari wa doria majini ajua kwamba injini ikizimika usiku ziwani, kipimo hakimrudishi mtu pwani. Baba na mama wakiafikiana hivyo kabla ya kwenda dukani, mashua hurudi, na watoto hubaki shuleni.