Wazee wa Mshangano waulizwe sasa

Songea ni mji unaojua thamani ya neno la mzee. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu katika Vita vya Maji Maji. Alikutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, wanaodai kichwa cha mzee wao kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Kwa miaka 117 ukoo huo haukunyamaza. Baba alimsimulia mwana, mwana akamsimulia mjukuu, hadi mkuu wa nchi akaja kusikiliza.

Mji wenye somo kama hilo hauna sababu ya kuacha historia ya vyuo vyake ipotee. Nayo inapotea.

Tazama miaka michache tu iliyopita. Songea ilikuwa na chuo kikuu kishiriki kilichobeba jina la Askofu Mkuu James Komba, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hakipo tena. Ilikuwa pia na kampasi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, ambayo Tume ya Vyuo Vikuu iliifunga mwaka 2016 na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Leo Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi hapa, na vijana wa Ruvuma wanasoma karibu na kwao. Je, nani ameketi na watu walioona vyuo hivyo vikianza, akaandika walichokiona?

Barua za usajili zipo kwenye majalada. Lakini jalada halisemi shamba lilikuwa la nani, aliyelitoa aliahidiwa nini, na kama aliipata ahadi hiyo. Halisemi darasa la kwanza lilikaa wapi kabla ya paa kuezekwa, mama lishe gani aliwakopesha chakula wanafunzi mkopo ulipochelewa, wala mlinzi wa kwanza alilinda nini usiku kabla ya ukuta kujengwa. Hayo yamo vichwani mwa watu. Pale kata ya Mshangano, na katika kata nyingine za manispaa yetu, watu hao bado wapo. Hawatakuwapo siku zote.

Chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini kinatufundisha jambo hilo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amepita 80. Ambaye hakuulizwa akiwa hai, hataulizwa tena.

Chuo hichohicho kilionyesha pia njia. Mwaka 1968 wanafunzi wake wa historia walitumwa vijijini, wakiwamo waliokuja Ungoni, kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Walikwenda na madaftari, wakakaa, wakasikiliza. Kazi yao imebaki, na kitabu cha Mapunda na Mpangara kuhusu vita hivyo Ungoni kilitokana na juhudi za miaka ile. Wazee waliohojiwa wameshazikwa, lakini maneno yao yanasomwa. Leo kijana ana simu inayonasa sauti saa nzima. Kisingizio cha vifaa hakipo.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila kampasi iliyopo Songea ianze mwaka huu kuwahoji watu waliokuwapo ilipoanza. Waanze na wenye umri mkubwa. Wasiishie kwa wakuu wa chuo na wageni wa jiwe la msingi. Waende kwa fundi mwashi, mpishi, dereva, mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, na familia zilizohama kupisha ujenzi. Waulizwe na waliopinga, maana historia ya waliokubali peke yao ni nusu ya historia. Mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kingoni au Kindendeule aachwe aseme kwa lugha yake, tafsiri itafuata.

Kazi ifanywe kwa heshima. Mzee aombwe ridhaa, aelezwe sauti yake itatumika wapi, na asomewe kilichoandikwa ili asahihishe. Kumbukumbu ya mtu hukosea tarehe na huchanganya majina, hivyo maelezo ya mmoja yalinganishwe na ya mwingine, pia na mihtasari ya vikao na hati za ardhi. Nakala zisibaki kwenye simu ya mwanafunzi anayehitimu Novemba na kuondoka. Moja ikae chuoni, nyingine maktaba ya mkoa, nyingine Makumbusho ya Majimaji.

Waliosimamia vyuo vilivyofungwa nao wasione haya. Kufungwa kwa chuo hakufuti waliosoma na kufundisha pale. Wahitimu wake wako kazini nchi nzima, na wana haki ya kujua habari za mahali walipotoka.

Jambo hili ni la nchi nzima. Kwa mradi wa elimu ya juu ulioanza 2021, wenye dola milioni 425 za Benki ya Dunia, kampasi mpya zinajengwa mikoani, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Kagera na Lindi. Huko waasisi bado ni vijana na saruji haijakauka. Wizara ya Elimu iagize kila kampasi mpya itunze masimulizi ya kuanzishwa kwake tangu siku ya kwanza. Gharama yake haifiki bei ya mlango mmoja wa maabara.

Mwanachuo wa Songea unayesoma haya, usingoje agizo. Jumamosi hii nenda Mshangano, piga hodi kwa mzee, mwamkie, kaa chini, mwulize: hapa palikuwa na nini kabla ya chuo?